Alama ya Dirishani

Bwana Mita alivua viatu mlangoni. Mama Pacha hakuwa amewahi kumwona ofisa akivua viatu kwenye nyumba ya maskini, na badala ya kufurahi aliingiwa na hofu. Mtu anayekuja kukudhulumu kwa makelele humwogopi, unamchukia tu ukamaliza. Lakini huyu aliyepiga hodi mara tatu, akaingia na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba, huyu alikuwa amebeba jambo zito.

Alikuwa ofisa wa idara ya kulinda ufuko wa ziwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini watu wa mtaa ule walikwisha kumbatiza Bwana Mita, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja mita. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule, akatoa picha kwenye bahasha, akaiinua mbele ya ukuta, akatabasamu kama aliyekutana na rafiki wa shuleni.

"Ndiyo hii," alisema. "Alama ya mafuriko iliyo safi kuliko zote ziwani."

Mstari wa rangi ya chai ulizunguka sebule, kuta zote nne, sawa na kizingiti cha dirisha. Fundi, mume wa Mama Pacha, alisimama pembeni amekunja mikono. Alikuwa mwashi, na nusu ya nyumba za mtaa ule zilisimama kwa mikono yake.

"Nyumba nyingine alama zimefifia, nyingine watu wameshapaka rangi," Bwana Mita aliendelea. "Hii imenyooka utadhani imepigwa pimamaji."

"Maji hayakosei, mkuu," Fundi alisema, na ungemwangalia vizuri ungeona kajivuno kadogo kakimpita usoni kabla hajakazima.

Mkekani, mama yake Fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliacha kuchambua maharage akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Bwana Mita alieleza kwa upole. Sheria mpya ilikuwa imepita. Hairuhusiwi kujenga chochote ndani ya mita sitini kutoka pale maji ya ziwa yalipofika juu kabisa. Na hapo juu kabisa, kwa upande huu wote wa ziwa, wataalamu walikuwa wamekaa na kuamua kwamba ni alama hii, ile iliyopigwa picha mwaka wa mafuriko. Nyumba zilizokwisha kujengwa ndani ya eneo hilo zisiongezwe chumba, zisikarabatiwe, zisipakwe hata rangi. Mwenye nyumba atalipwa kifuta jasho siku ya kuhama.

"Siku ya kuhama ni lini?" Mama Pacha aliuliza.

"Itatangazwa."

"Mwaka huu?"

"Itatangazwa, mama."

"Na mpaka itangazwe, bati likitoboka?"

Bwana Mita aliangalia soksi yake. "Mtaweka beseni," alisema, na haikuwa kejeli, ndivyo alivyojua.

Nje, vibarua wake walisimamisha chombo chao cha miguu mitatu. Walipima kuanzia dirishani, wakapanda na kilima taratibu, wakipigilia vigingi vyekundu. Ikiwa maji yalifika dirishani kwa Fundi, alieleza Bwana Mita, basi huko nje yalipanda mpaka kwenye ua wa jirani wa juu. Na kutoka kwenye ua ule, mita sitini zilipita juu ya nyumba ya jirani, zikapita choo chake, zikaishia kwenye bustani ya mchicha.

Jirani wa juu alitoka na futi ya kushonea shingoni na pini kifuani. Huyu alikuwa Mama Cherehani, mjane mnene mwenye miguu iliyovimba, ambaye alitembea kama anayebeba ndoo mbili zisizoonekana. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na mtaro mpya wa msingi wa chumba, uliochimbwa na Fundi mwenyewe, na kando yake tofali zimepangwa.

"Kigingi hicho mbona kimevuka kwangu?" aliuliza.

"Ndipo mita zilipofika, mama."

"Mita za nani? Maji hayakufika hapa. Mimi nililala humu ndani, na hata kizingiti hakikulowa!"

"Usiku ule ulitoka nje ukapima?"

"Ningetokaje na dhoruba ile?"

"Basi. Wewe una mdomo, mimi nina ukuta."

Mama Cherehani alimgeukia Fundi. "Mwambie, Fundi. Si ninyi mlikuja kwangu usiku ule na watoto migongoni? Mlipofika hapa mlikuta maji?"

Fundi aliinama, akaokota kipande cha tofali, akakigeuzageuza mkononi kana kwamba kuna anayetaka kukinunua.

"Giza lilikuwa kubwa, dada," alisema. "Sikuangalia vizuri."

Mama Pacha alisikia maneno hayo akiwa mlangoni kwake. Aliona aibu mpaka masikio yakamuuma.

 

"Mkono wako mzuri ndio uliotuponza," Bibi alisema wageni walipoondoka.

"Mama, wewe ndiye uliyesema tupake."

"Nilisema mpake. Sikusema mfanye maonyesho."

Mwaka wa mafuriko maji yaliingia mle ndani yakafika magotini, kisha yakarudi zake ziwani kabla ya asubuhi. Waliokuja na misaada walikuja na sharti: mabati, saruji na mablanketi ni kwa nyumba zile tu ambazo maji yalifika dirishani. Ya magotini ilikuwa hasara yako na Mungu wako. Bibi alichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi. Mama Pacha akakoroga humo tope laini. Fundi akachukua mpira wake mwembamba unaotiwa maji, ule wa kusawazishia misingi, akazunguka nao kuta zote nne akitia alama, kisha akapaka. Angeweza kupaka ukuta mmoja, ovyo, ikatosha. Lakini hakuwahi kupiga mstari uliopinda tangu aanze kazi, na siku ile ya uongo hakuona sababu ya kuanza.

Mabati walipata. Ndiyo yaliyokuwa juu ya vichwa vyao wakati huu wakizozana. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini ya hawa ilizunguka kwanza kwenye maofisi yote ndipo ikarudi mlangoni.

"Kwa maji ya magotini," Mama Pacha aliuliza, "mstari ungeishia wapi?"

Fundi alikuwa ameshapiga hesabu hiyo. Mwashi haoni kilima bila kukipima. "Chini ya ua wake."

"Kwa hiyo nyumba yake ingekuwa nje?"

"Yote."

"Na yetu?"

"Yetu imo tu. Iwe goti, iwe dirisha, sisi tumo ndani. Ndiyo maana nakwambia, mke wangu, tukae kimya. Tukinyamaza, siku ya kuhama tunapewa kifuta jasho. Tukisema, tunapewa nini? Kesi?"

"Alitulaza kitandani kwake. Yeye akalala chini, na miguu ile."

"Najua."

"Unajua halafu unasema hukuangalia vizuri?"

"Najua!" Fundi alipaza sauti, na pacha wawili waliokuwa wakiandika masomo yao sakafuni wakainua vichwa pamoja. Akaishusha. "Nina watoto wawili na mama mzee. Nyumba siwezi kuiuza, nani atanunua nyumba yenye kigingi? Siwezi kuiziba ufa. Mimi, mwashi, nimekatazwa kuugusa ukuta wangu mwenyewe. Kilichobaki ni hicho kifuta jasho. Kutubu ni kuzuri, lakini kutubu hakuezeki nyumba."

Bibi alirudi kwenye maharage yake, akawa anatupa hata yaliyo mazima.

 

Amri ilimfikia Mama Cherehani baada ya siku chache: mtaro ufukiwe. Asipoufukia, idara itakuja kuufukia kwa gharama yake. Alimtuma mtoto wa jirani amwite Fundi.

Chumba kile hakikuwa cha anasa. Mama Cherehani alikodi kibanda cha kushonea sokoni, na kufika huko kulimpasa kushuka na kupanda kilima kila siku. Daktari alimwambia miguu ile haina safari nyingi zilizobaki. Ndipo akaamua kujenga chumba kinachotazama barabara, aweke cherehani humo, wateja wamfuate. Kibanda alikuwa ameshakiachia, na mwingine ameshaingia, anauza simu.

"Fukia tu, Fundi," alisema akiwa ameketi kwenye kigoda, cherehani yake nyuma yake imefunikwa shuka. "Ulivyochimba ndivyo ufukie."

"Nitafukia, dada. Na zile pesa za kuanzia..."

"Zile najua zimeshaliwa. Sikudai. Kazi ya kufukia iwe ndiyo malipo, tuwe sawa."

Fundi alishika koleo. Mtaro alikuwa ameuchimba kwa mapenzi, kona zake zimekaa vizuri, na sasa kila koleo la udongo aliloutupia lilimrudia kifuani. Alifanya kazi bila kupumzika ili asiongeleshwe.

Mama Pacha alimletea mumewe maji ya kunywa akamkuta jirani anamwangalia Fundi akifukia, huku anazungusha pete ya kushonea kidoleni. Mama Cherehani alipomwona alitabasamu.

"Afadhali umekuja. Sare za wale mabinti zimewabana, nimeona jana. Zilete nizifungue pindo kabla sijasahau. Pindo nililiacha kubwa makusudi."

"Utashonea wapi, dada?"

"Nitashonea kitandani. Wateja ndio sijui watanipatia wapi, lakini wewe unajua nilipo."

Mama Pacha alikuwa dobi wa hoteli ya chini, ile iliyojengwa mpaka ndani ya maji kwa kibali maalumu. Kazi yake ilikuwa kutoa madoa ya wageni, ya mvinyo, ya damu, ya mambo mengine asiyoyauliza. Aliwahi kujisifu kwamba hakuna doa lisilotoka, ila uvivu wa mfuaji. Siku ile aliweka chini jagi la maji, akarudi nyumbani, akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda kwenye idara bila kumuaga mtu.

 

Aliambiwa akae kwenye benchi. Akakaa. Akaambiwa benchi hilo ni la wenye miadi, ahamie lile la ukutani. Akahama. Karani alimuuliza shida yake mbele ya watu wote, naye akasema ni ya siri. Karani akasema kwa sauti, "Mama huyu ana siri," na benchi zote mbili zikacheka.

Bwana Mita alipomwona alimkaribisha ofisini mwake, akafunga mlango, akamvutia kiti. Mama Pacha alimweleza yote: chai, tope, mpira wa maji. Alimweleza kwamba maji yalifika hapa, akaweka kiganja gotini, hapa tu, na kwamba jirani yake hana kosa. Alilia kidogo, akajifuta na upindo wa kanga, akaendelea.

Bwana Mita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliangalia ramani iliyobandikwa ukutani, ambamo ziwa lilikuwa la buluu na mstari mwekundu ukilizunguka.

"Mama," alisema, "mwaka ule mliapa kwamba maji yalifika dirishani. Mlitia sahihi. Leo unaapa hayakufika. Nichukue kiapo kipi?"

"Cha leo. Cha leo kinaniumiza, cha siku ile kilinipa mabati. Mtu haapi uongo wa kujiumiza."

Hilo lilimgusa, ilionekana. Aliinuka, akamwambia asubiri, akaenda kwa mkubwa wake. Alikaa huko muda mrefu. Mama Pacha aliisoma ramani, akaitafuta nyumba yake, akaipata: kitone kidogo, na juu yake nyota. Nyumba nyingine hazikuwa na nyota.

Aliporudi, Bwana Mita hakumwangalia machoni.

"Mkubwa anasema mistari yote imepimwa kutoka kwenye alama yenu. Siyo mtaa wenu tu, upande wote huu wa ziwa. Ramani imepitishwa, imetiwa mhuri, imetangazwa. Haiwezi kubadilishwa kwa maneno ya mtu mmoja asiye na ushahidi."

"Ushahidi ni mimi. Nimeupaka!"

"Ndiyo. Sasa hilo nalo..." Alipanga karatasi mezani. "Umekiri kwamba mlidanganya kwenye maombi ya msaada. Aliyedanganya hastahili kifuta jasho. Mkubwa ameagiza jina la mumeo liondolewe."

Mama Pacha alihitaji muda kuyapanga maneno hayo yalingane.

"Kwa hiyo mnanisadiki," alisema polepole, "au hamnisadiki?"

"Kwa upande wa malipo, mnasadikika."

"Na kwa upande wa mstari?"

"Kwa upande wa mstari, mama, hamsadikiki." Alimfungulia mlango. "Samahani sana. Kweli, samahani."

Na alimaanisha, ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Mama Pacha alipita katikati ya benchi mbili. Safari hii hakuna aliyecheka.

 

Alianzia kwa Mama Cherehani kabla hajafika kwake, kwa kuwa alijua akiingia kwake kwanza hatatoka tena. Alimkuta kitandani anafungua pindo la sare za pacha. Alimwambia akiwa amesimama. Hakuacha kitu, hata lile la kwamba Fundi alijua mstari halisi ungeishia wapi.

Mama Cherehani hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno, akachoma sindano kwenye mto.

"Nilikulaza hapa," alisema akigusa godoro. "Hapahapa."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada."

Alizikunja sare zile, moja juu ya nyingine, akampa. Alikuwa amezimaliza zote mbili.

Nyumbani, Fundi aliposikia hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono katikati ya magoti, akasema, "Kwa hiyo tumelipa pande zote mbili na hatukununua kitu." Bibi ndiye aliyesimama, kwa taabu, akampikia mkwewe chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kukaa nao.

Asubuhi Fundi alichemka. Alichukua ndoo ya chokaa na brashi, akasema mstari ule hataki kuuona tena machoni pake. Alikuwa ameshalowesha brashi Mama Pacha alipomshika mkono, akamwonyesha amri ya idara iliyobandikwa mlangoni. Kupaka rangi ni kukarabati. Kukarabati ni faini, na asiyelipa anafungwa.

"Ukuta wangu," Fundi alisema.

"Ukuta wako," mkewe alikubali, akampokonya brashi.

Wakiwa katika hali hiyo hodi ilipigwa. Mama Cherehani aliingia akihema kwa kushuka kilima, futi shingoni. Hakumsalimia mtu isipokuwa Bibi, kwa kuwa ni mzee.

"Yalifika wapi?" aliuliza.

Fundi alitazama ndoo ya chokaa.

"Nimeuliza maji yalifika wapi. Nionyesheni. Kweli yake."

Mama Pacha alienda ukutani akainama, akaweka ukingo wa kiganja sawa na goti lake. Mama Cherehani alimsogelea. Ilimchukua muda kupiga magoti, akishika ukuta, akikataa mkono wa Fundi aliyetaka kumsaidia. Alishusha futi mpaka sakafuni, akasoma, akaguna. Kisha akatoa mfukoni chaki yake bapa ya kushonea, ya buluu, akachora mstari. Akasogea kwa magoti, akachora tena, ukuta hadi ukuta, chini ya viti, nyuma ya kabati, akimwashiria Fundi kwa kidole avute vitu njiani. Fundi alivuta. Mstari haukuwa umenyooka sana.

Alipomaliza aliinuka mwenyewe, akapangusa kanga, akatoka. Hajaingia tena mle ndani mpaka leo.

Siku ya kuhama haijatangazwa. Ufa wa ukuta wa jikoni umefika dirishani, na beseni limewekwa chini ya bati lililotoboka, kama Bwana Mita alivyotabiri. Wageni wakiingia huona mistari miwili ukutani na kuuliza, na Bibi huwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharage, "Ule wa juu ni wa serikali. Huu wa chini ni wa maji."

Kila asubuhi kabla ya kwenda hotelini, Mama Pacha hupiga deki. Hupangusa sakafu, hupangusa kuta kwa kitambaa chenye maji, na akifika karibu na chaki hukunja kitambaa, hupita juu yake na chini yake polepole, asiiguse. Maji ya deki yakiirukia huipuliza mpaka ikauke. Sehemu nyingine imeanza kufifia, kwa kuwa chaki ya fundi cherehani imetengenezwa ili itoke.